Trauti wa Bonde la Mkurufu

Kwa furaha kubwa, na kwa mujibu wa mamlaka iliyokabidhiwa, Idara ya Burudani za Maji Baridi iliutangazia umma wa Pemba kwamba kuanzia masika ile kisiwa kingekuwa na trauti. Tangazo lilibandikwa Chake Chake kwenye kila ukuta uliokubali gundi, likasomwa redioni baina ya taarifa za vifo na habari za karafuu. Lilieleza kwamba trauti ni samaki wa mtoni, mwenye madoadoa ubavuni, ambaye watu wenye uwezo husafiri kutoka mbali kwenda kumvua kwa heshima. Halikueleza trauti huyo angetoka wapi. Tangazo likianza kujiingiza katika vijambo kama hivyo haliishi.

Aliyeliandika ni Bwana Matano Ngwali, Afisa Mwandamizi wa Idara. Mara ya kwanza aliposikia maneno yake yakitoka redioni alikuwa amekaa barazani kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Akasimama wima, na hakukaa mpaka msomaji alipofika kwenye mnada wa baiskeli.

Asili ya jambo lenyewe ilikuwa safari. Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Suhail, alipelekwa ughaibuni kujifunza usimamizi wa taka. Akarudi baada ya muda mrefu, na taka hakuzitaja tena. Alirudi na fimbo nyembamba ya kuvulia, fulana yenye mifuko isiyo na idadi, na suruali ya mpira inayopanda mpaka kifuani, ambayo aliivaa siku ya kwanza kikaoni ili wafanyakazi waizoee.

"Ndugu zangu," alisema akiwa amesimama, maana suruali ile haikubali kukaa. "Duniani watu wanavua trauti. Sisi bado tunavua changu na tasi, tunawala, tunalala. Nchi haiwezi kwenda hivi. Nimewaalika marafiki zetu wa maendeleo waje kuvua trauti wa mto, trauti wa asili, hapa hapa Pemba. Wamekubali. Kilichobaki ni kupanga safari."

Bi Rahila wa masjala, ambaye alikuwa amebakisha muda mfupi kustaafu na kwa hiyo hakuwa na la kuogopa, aliinua mkono.

"Mheshimiwa, samahani. Pemba trauti yupo?"

"Bi Rahila, swali lako ni zuri, isipokuwa limewahi mno. Kwanza tunapanga safari. Kisha tunaunda kamati. Samaki ni suala la utekelezaji."

Watu wakaandika. Bi Rahila akaandika pia, ingawa jirani yake alisema baadaye alikuwa anachora kuku.

Hapo ndipo Matano alipopata fursa yake. Kabla ya kuletwa Idara alifanya kazi miaka mingi pwani, akisimamia ufungaji wa pweza. Kazi ile ni njema na inajulikana. Kijiji kinakubaliana kuufunga mwamba, hakanyagi mtu kwa miezi mitatu, pweza wanakua, na siku ya kufungua wake kwa waume wanateremka na vijiti vyao, kila mtu anarudi na kitoweo cha kumtosha. Matano aliipenda kazi ile kwa moyo wake wote. Kutoka humo alibeba fundisho moja tu, na fundisho hilo sasa lilimpanda kichwani.

"Mheshimiwa," alisema, "mito yetu haijawahi kufungwa. Tangu dunia iumbwe watu wamo tu humo, wanafua, wanaoga, wanachota. Trauti atajitokeza vipi katika mazingira kama hayo? Tuufunge mto miezi mitatu. Tuupumzishe. Kama pweza anakuja, trauti atazuiliwa na nini?"

Mheshimiwa akavua miwani, akamtazama Matano, kisha akakitazama kiti kilichokuwa kitupu kuliani kwake. Kiti kile kilikuwa cha Naibu Mkurugenzi, na kilikuwa hakina mtu tangu mwenyewe alipohamishiwa Unguja. Matano alikiona alichokiona, na kuanzia saa hiyo akawa Mratibu wa Safari ya Trauti.

Mto uliochaguliwa ni Mkurufu. Katika nyaraka uliitwa "Mto Mkurufu na Vijito Vyake", kwa sababu mkondo ambao mbuzi anauvuka bila kulowa magoti haupatiwi bajeti. Unatoka kwenye msitu mdogo, unazunguka mawe, kisha unaingia bonde la mpunga, na huko wanawake wa Mkurufu wanaugawa kwa mifereji mpaka unakwisha wote. Mmoja wa wanawake hao alikuwa Bi Mwanawema, mama mzazi wa Yumna, mke wa Matano. Mratibu aliliona hilo kuwa ni jambo la bahati. Andiko la mradi lilitaka ushirikishwaji wa jamii, naye jamii ameshaioa.

Kwa kuwa trauti, kwa maelezo ya Mheshimiwa, hukaa maji ya kina, mkondo ulizibwa kwa viroba vya mchanga pale unapotoka msituni. Likapatikana dimbwi la kumfika mtu kiunoni. Upande wa pili wa viroba palikuwa na tope, kisha mawe, kisha mpunga, ambao kwa wakati huo bado ulikuwa unakunywa mvua na haukulalamika.

Uzinduzi ulihudhuriwa na watu wengi kwa sababu kulikuwa na soda. Mzee Jaribu, sheha wa pale, alisikiliza maelezo mpaka mwisho, kisha akaomba kuuliza.

"Mratibu, huyo samaki mkishamvua mwamla?"

"Hapana, mzee. Anarudishwa majini."

"Mwamrudisha." Mzee Jaribu alifikiri kidogo. "Sasa mwantolea nini?"

"Kwa burudani."

"Burudani yake yeye au yenu?"

"Na chambo chake si chambo," Matano alisema, akikimbilia sehemu aliyoimudu zaidi. "Ni mdudu wa bandia, anafumwa kwa manyoya ya jogoo. Samaki anadhani ni mdudu wa kweli."

"Mwandanganya, mwamchoma ndoana, kisha mwamwachia ende zake."

"Ndiyo, mzee."

"Na yeye kawakoseani?"

Matano aliandika kwamba wananchi wameonesha mwamko. Kamati Ndogo ya Manyoya ilianza kazi siku ile ile, na kabla ya Ijumaa majogoo wote wa Mkurufu walikuwa wanatembea bila mikia. Wengine waliacha kuwika kwa kuona haya, na watu wakachelewa sala ya alfajiri.

Ilibaki sheria. Matano hakutaka kupoteza muda, akachukua ile iliyotumika kwenye pweza, ambayo wanawake wa pwani waliitunga kwa ajili ya wezi wa mwambani, akabadilisha mwamba ukawa mto na pweza akawa trauti. Mheshimiwa aliisoma mwenyewe mbele ya kamera, suruali ya mpira ikilia kila alipogeuka: "Mtu yeyote, awe nani, bila kujali cheo, atakayeingia mtoni au kutoa samaki kabla Kamati ya Doria haijatangaza kuufungua, atatumikia msaragambo bondeni siku hiyo hiyo, kwa kazi atakayopangiwa na Kamati." Aliyapenda sana maneno "bila kujali cheo". Aliyarudia akiwa amepiga meza, na kwa kuwa mpiga picha mmoja alikuwa anabadilisha betri, akayarudia tena.

Mwenyekiti wa Doria alitakiwa awe mwanamke, kwa ajili ya mizani ya jinsia. Matano akampendekeza mkwewe, kwa heshima, na kidogo kwa kumpoza. Bi Mwanawema alipokea filimbi, akaitia kwenye pindo la kanga, akauliza swali moja tu kwa kupitia kwa sheha: hiyo sheria ni ya watu wote kweli? Mheshimiwa akamjibu kwa kicheko kwamba ni ya wote, hata yeye mwenyewe.

"Tumesikia," Bi Mwanawema alisema.

Mvua ilikatika mapema mwaka ule. Siku moja masika ilikuwapo, na wiki iliyofuata mbingu zikawa safi, watu wanaanika karafuu kuukuu. Ikawa Bi Mwanawema amekuja Chake Chake kumjulia hali mwanawe.

Ni lazima ijulikane kwamba tangu Matano aoe, Bi Mwanawema hakupata kumwambia neno la ukali mkwewe, kwa kuwa hakumwambia neno lolote zaidi ya maamkizi. Hivyo ndivyo adabu ilivyo. Alilokuwa nalo la kumwambia alimwambia Yumna, Matano akiwa amekaa pale pale, na Matano naye alijibu kwa njia hiyo hiyo. Walikuwa wamekaa jamvini, sahani ya wali katikati.

"Yumna, mwambie mumeo mpunga una mimba."

"Mama anasema mpunga una mimba," alisema Yumna.

"Mwambie mama nafurahi kusikia."

"Mwambie mumeo asifurahi. Mpunga wenye mimba ukikosa maji wazaa makapi. Mvua ishakata, na nto kaufunga yeye."

Yumna alimtazama mumewe. Matano alimeza tonge bila kulitafuna.

"Mwambie mama suala hilo linafanyiwa kazi."

"Mwambie mumeo na mpunga wafanyiwa kazi. Nimeinama mie tangu kuuatika, mgongo huu haujanyooka. Weye mwenyewe Yumna n'mekulea kwa bonde lile, na wali ulioliwa harusini kwenu watoka pale. Mwambie sitaki niondoe viroba kwa mkono wangu, maana nimepewa filimbi. Namwomba aondoe yeye."

Yumna hakulirudia hilo. Matano alikuwa amekwisha kulisikia, na aliona haya, haya za kweli, za kumfanya mtu asijue aweke wapi mikono. Mkwe hamwombi mtu. Akiomba, ameishiwa.

Kesho yake alikwenda kwa Mheshimiwa, ambaye alikuwa amesimama dirishani akiirusha fimbo yake juu ya bustani ya ofisi. Ndoana ilikuwa imeshika kwenye mti wa mdalasini.

"Mheshimiwa, naomba ridhaa tuondoe kiroba kimoja. Mpunga unakufa."

"Mpunga ni mdau?"

"Ni mdau, Mheshimiwa."

"Ulihudhuria kikao cha wadau?"

"Haukualikwa."

"Basi tukiusikiliza sasa tutakuwa tumeuonea upendeleo." Aliivuta fimbo, mti ukatikisika. "Na nikuongezee habari njema, Mratibu. Viroba vile ni vya muda. Wageni wakishamwona trauti tu, tunajenga ukuta wa saruji. Saruji ipo, imeshashushwa uani. Mkurufu hautapita tena pale maisha. Utauzindua wewe ukuta, ukiwa na cheo kingine."

Akakitazama kiti. Matano naye akakitazama. Kilikuwa na mto wa mahameli, na kinazunguka.

Alitoka akajiambia kwamba viroba ni viroba, ila saruji ni habari nyingine. Kisha akajiambia kwamba cheo ni cheo. Basi akaenda Mkurufu kutafuta trauti, kwa sababu muda wa kufungua ulikuwa umekaribia na ripoti ya mwisho ilisema tu kwamba "samaki wako katika hatua ya kutoonekana". Alipofika dimbwini aliinama, akaona kaa wawili na kiatu cha mtoto. Akasogea mbele kidogo ili aone vizuri, na maji yakamwingia kwenye soksi.

Filimbi ikalia. Bi Mwanawema alikuwa nyuma ya mgomba na wenzake wa doria.

"Jamani," aliwaambia wale wanawake, "mwambieni mkwe wangu mguu wake umo majini."

Matano alitaka kueleza kwamba yeye ndiye Mratibu. Akafungua mdomo, akakumbuka ni nani aliyeandika "bila kujali cheo", akaufunga. Alipalilia mpunga mpaka alasiri na suruali yake ya ofisini, baina ya mkwewe na mwanamke mmoja mzee aliyeimba muda wote. Ardhi ilikuwa imepasuka. Safu za mwanzo, zile zilizo karibu na mawe, zilikuwa zimekwisha. Akishika shuke linabaki mkononi, jepesi, halina kitu ndani. Za chini zilikuwa bado zina uhai. Aliposimama kunyoosha mgongo aliviona viroba kule juu, na maji yanang'aa nyuma yake, hayana kazi yoyote. Alimchukia aliyeyaweka pale, na alimjua.

Siku ya kufungua mto ilipangwa kama ifuatavyo: dua, nasaha, taarifa ya Mratibu, kisha Mwenyekiti wa Doria angetangaza, wageni wangevua, trauti angeonekana, angepigwa picha, angerudishwa, na watu wangekula biriani. Matano alifika asubuhi mapema kukagua mazulia. Gari la Mheshimiwa lilikuwa limeshafika, limefichwa kwenye migomba. Waandishi wa habari nao walikuwa wanateremka kutoka kwenye basi dogo, maana Mheshimiwa aliwaagiza wawahi, ila walikuwa wamewahi kuliko alivyowaagiza.

Filimbi ikalia, ndefu, na haikunyamaza.

Mheshimiwa Suhail alikuwa katikati ya dimbwi, maji yamemfika kiunoni, suruali ya mpira imevimba. Mkono mmoja alikuwa na fimbo. Mkono mwingine alikuwa na samaki mkubwa wa kung'aa, ambaye alikuwa anajaribu kumpachika kwenye ndoana, na samaki hapachikiki kwa kuwa alikuwa mgumu kama tofali. Mfuko wa plastiki, ambao nao umepigwa marufuku, ulikuwa unaelea kando yake. Wanawake wa doria walikuwa wamemzunguka kutoka kila upande.

"Asalaam alaykum, Mheshimiwa," alisema Matano.

"Waalaykum salaam. Mratibu, waeleze hawa kina mama mimi ni nani."

"Wanakujua, Mheshimiwa. Picha yako iko kwenye bango."

Kamera zilikuwa zimeshawashwa. Magari ya wageni yakawa yanaingia, milango inafunguliwa, watu warefu wenye kofia wanashuka wakitabasamu. Bi Mwanawema aliitoa filimbi mdomoni. Akageuka, akamtazama Matano usoni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya nikaha akamsemesha mwenyewe.

"Mkwe. Muulize bwana wako, samaki huyo katoka ntoni, au kaja naye?"

Swali lilikuwa na milango miwili tu. Kama samaki ametoka mtoni, Mheshimiwa amevua kwenye mto uliofungwa. Kama amekuja naye, basi Mkurufu hauna trauti, haujawahi kuwa naye, na miezi yote ile ilikuwa ni viroba na majogoo wasio na mikia. Mheshimiwa aliwatazama wageni. Akazitazama kamera. Mtu aliyefika ngazi yake hachelewi kuamua.

"Nimemvua!" akapaza sauti, akamwinua samaki juu. "Nimemvua hapa hapa! Trauti wa asili, trauti wa Mkurufu!"

Wageni wakapiga makofi. Bi Mwanawema akaingia majini, jambo aliloruhusiwa kwa cheo chake, akamchukua yule samaki, akamgeuza, akambonyeza tumbo.

"Mashaallah," alisema. "Kavuliwa sasa hivi na matumbo keshatolewa."

"Ndivyo walivyo aina hii," alisema Mheshimiwa.

"Na barafu hii?"

"Maji yenu ni baridi sana."

"Haya." Bi Mwanawema alimrudishia samaki wake. "Basi kamvua, na mie sijatangaza. Mkwe, weye ndiwe uliyeandika. Sheria yasemaje?"

Mheshimiwa alimtazama Mratibu wake tu, na ndani ya macho yale Matano alikiona kile kiti kinazunguka polepole kumpa mgongo, na baada yake akakiona kisiwa cha Makoongwe na ofisi isiyo na dirisha ambako angepelekwa kuratibu chochote. Kisha akatazama bondeni. Akakumbuka lile shuke tupu mkononi mwake.

"Mtu yeyote," alisema. Akazigeukia kamera, akaanza tena. "Mtu yeyote, awe nani, bila kujali cheo, atakayeingia mtoni au kutoa samaki kabla Kamati ya Doria haijatangaza kuufungua, atatumikia msaragambo bondeni siku hiyo hiyo, kwa kazi atakayopangiwa na Kamati."

Aliisoma yote kwa kichwa, kwa sauti ya juu. Mgeni mmoja, mama mrefu aliyejifunza Kiswahili chuoni, alisogea mbele ameshika kofia yake kifuani.

"Tafadhali," alinong'ona, "haya ni maneno ya zamani sana?"

Mheshimiwa aliuona mlango wa tatu, akaukimbilia.

"Ya kale mno," alisema. "Ni mila. Mvuvi wa kwanza wa msimu ndiye anayefanya kazi ya heshima. Tumeirithi."

"Ajabu! Na kazi yenyewe ni ipi?"

"Kazi yenyewe," alisema Bi Mwanawema, na jembe lilikuwa limeshafika, "ni kuondoa viroba vile. Vyote."

Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Burudani za Maji Baridi alilima mbele ya kamera. Mwanzoni alilima akitabasamu. Kiroba cha kwanza kilipopasuka maji yalimsukuma akakaa chini, suruali ikajaa mpaka kifuani, na kwa kuwa maji yalikuwa yameingia kutoka juu hayakuwa na pa kutokea. Kila alipoinama yalimwagika mbele, kila alipoinuka yalimshusha. Wageni walipiga picha kwa heshima, wengine wamevua viatu. Mzee Jaribu alimwelekeza wapi mchanga umeshikana. Viroba vikaondoka kimoja kimoja, dimbwi likapungua, na maji yakapita kwenye tope, yakapita kwenye mawe, yakaingia mfereji wa kwanza.

Matano aliyafuata kwa miguu. Yalikwenda polepole, yakibeba majani makavu na manyoya ya jogoo, na kila yalipofika ardhi ilitoa sauti ndogo ya kunywa. Yalipofika kwenye mpunga wa Bi Mwanawema alilia, na hakusingizia vumbi.

"Na samaki?" ilisikika sauti ya yule mgeni kule juu. "Si lazima arudishwe?"

Ilikuwa kweli, ratiba ilisema hivyo. Mheshimiwa, akitweta, alimweka trauti wake majini kwa mikono miwili, na wageni wote wakainamisha vichwa. Samaki alizama. Kisha mkondo ukamchukua, ukampitisha mahali palipokuwa na viroba, ukambwaga kwenye mfereji wa pili, na kunguru wawili wakamshukia.

"Yu huru sasa," alisema mgeni.

Ripoti ya marafiki wa maendeleo ilifika baada ya mavuno. Kuhusu uvuvi ilikuwa na mistari michache. Kuhusu jembe ilikuwa na kurasa nyingi na picha za rangi. Walisema hawajapata kuona kiongozi wa ngazi ile akijishusha hivyo, kwamba wangeendelea kuisaidia Idara kwa sharti kwamba mila ile ifanyike kila mwaka pasipo kubadilishwa chochote, mkondo uachwe wazi, na yule mzee wa maneno ya kale awepo ayasome mwenyewe. Mzee wa maneno ya kale alikuwa Matano, ambaye barua yake ya uhamisho wa Makoongwe ilikuwa imeshapigwa muhuri. Ikabidi ipotee. Ile saruji nayo ilinyeshewa pale uani mpaka ikawa jiwe moja, na Bi Rahila huweka juu yake chupa yake ya chai. Kiti cha mahameli bado kitupu.

Masika iliyofuata Mheshimiwa Suhail alisimama tena Mkurufu, kamera mbele yake, wageni pembeni, suruali ya mpira mpaka kifuani kwa kuwa nayo imo kwenye picha za mila. Mifereji ilikuwa imejaa mchanga na ilikuwa mingi. Matano aliyasoma maneno ya kale. Filimbi ikalia, jembe likaanza. Bi Mwanawema alisimama ukingoni, hatua mbili kutoka kwa Mkurugenzi Mkuu, akamtazama kwa muda. Hakumsemesha. Akamgeukia Matano.

"Mkwe, mwambie bwana wako jembe halishikwi hivyo."

"Mheshimiwa," alisema Matano, "mama anasema jembe halishikwi hivyo."

Mheshimiwa aliinua kichwa, jasho linamtiririka, akamwona yule mama pale pale mbele yake. Akafikiri kidogo.

"Mwambie mama nimesikia," alisema, akabadilisha mikono.